Jangwa Alilotembea Mwanangu

Mume wangu alikufa mwaka wa bada. Mtu wa Tanga wa rika langu haniulizi ni mwaka gani. Ni ule ambao mvua za vuli ziligoma, mahindi yakakauka yakiwa kimo cha goti, na mchele ukawa kitu cha kusimuliana. Tulirudi kwenye muhogo mkavu. Tuliutwanga, tukauchekecha, tukasonga bada asubuhi na bada jioni, mpaka watoto wakawa wanalia wakiona mwiko. Hata wenye vyeo walikula bada, ila wao waliila mlango ukiwa umefungwa.

Mimi shule niliiacha darasa la pili. Haya nayaandika kwa herufi kubwa kubwa kama za mtoto, na atakayecheka acheke. Mume wangu naye alikuwa mkata mkonge. Maisha yake yote aliyakata kwa panga: jani, jani, jani, anafunga fungu, anaweka begani, anarudi. Mwiba wa mkonge ulimla jicho moja kabla mwanetu hajazaliwa. Kwa jicho lililobaki alimsomesha huyo mtoto mpaka akapanda ndege kwenda Uingereza, mji wa Birmingham, akapata kazi kwenye ghala la vipuri vya magari. Siku ile anaondoka nilitembea mtaani nikiwa nimevaa kanga mpya, na sikumsalimia mtu asiyenisalimia kwanza.

Figo za mume wangu zilipoanza kumwacha, nilimpigia mwanangu simu. "Njoo umuone baba yako."

"Mama, likizo hakuna. Kazi imenibana."

Baba akafa. Tukamzika kesho yake, kaburini wakashuka wapwa zake. Nikapiga simu tena. "Basi njoo kwenye arobaini."

"Mama, wallahi likizo hakuna. Nikiondoka sasa nitakuta kazi si yangu."

Nikamwamini. Ningeacha kumwamini vipi? Nilimtumia hata kofia ya baba yake, ile ya mkono niliyoishona mwenyewe tundu kwa tundu, akaichukua jirani aliyekuwa anarudi hukohuko Uingereza. Nikasema, ikiwa mtoto hakufika kwa baba, basi kitu cha baba kimfikie mtoto.

Siku ya arobaini nilikuwa ndani, nimekaa eda. Nguo nyeupe, chumba cha nyuma, jua naliona kwa ufa wa dirisha. Wanawake wamejaa mkekani, wanakula bada kwa mchuzi wa papa. Wifi yangu, dada wa marehemu, hajawahi kunipenda, na msiba haukumbadilisha. Akalamba vidole, akasema kwa sauti ya kufikia jikoni, "Mwana wa Ulaya ni kama mwezi. Kila mtu anamuona, hakuna anayemshika."

"Yuko kazini," nikasema.

"Kazi gani isiyojua kufiwa? Wazungu hawafi?"

Watu wakacheka, kile kicheko cha msibani cha kuficha mdomo kwa kanga. Damu ikanipanda. Nikainuka pale nilipo, mjane wa siku arobaini, nikanyanyua mkono, nikaapa. Nikasema wallahi billahi, mwanangu amefungwa na kazi, hana hata siku moja ya kujinyoosha, na nikisema uongo basi ulimi huu ukauke. Wifi yangu akarudi kwenye sahani yake. Nilikula bada yangu kwa fahari siku hiyo. Iliteremka kama pilau.

Mwaka uliofuata mwanangu akaniletea tiketi.

Nyumba yao ilikuwa Erdington, nyembamba, imebanwa na za jirani huku na huku, ngazi zake kama za kupandia dari. Mkwe wangu ni mtu wa Mombasa, anafanya kazi ya kuhudumia wazee. Mtoto mzuri, sina neno naye, ingawa chai yake ni maji ya kuogea. Mjukuu wangu wa kike alikuwa anang'oka meno ya mbele. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimuuliza kwa Kiswahili anakujibu Kizungu. Nilimwambia, "Usiponijibu kwa lugha ya babu yako sikusuki." Akaanza kunijibu. Kibovu, lakini akanijibu, kwa sababu alitaka nywele za kuringia shule.

Usiku wa kwanza mwanangu alikaa chini sakafuni karibu na miguu yangu. "Mama, mwaka huu, Mungu akipenda, nakwenda hija. Nimeshabuku. Nimekuleta utembee, uone, ufurahi. Lakini kubwa ni hilo. Kabla hujaondoka nataka radhi yako."

Nikacheka. "Radhi yangu unayo tangu unanyonya."

"Nataka uitamke, mama. Huwezi kwenda pale kama mzazi wako hajaitamka."

"Nitaitamka siku ya kuondoka, na dua juu. Kwanza nitembeze, nione hizo pesa zako zinakokwenda."

Akanitembeza kweli. Tulikwenda Sparkhill, Barabara ya Stratford, nikakuta Wahindi wanauza kila kitu isipokuwa jua. Muhogo wanao, umeganda kama mawe ndani ya friji. Nikamwambia muuzaji kwa Kiswahili, "Baba, huu muhogo ulikufa lini?" Mkwe wangu akajificha nyuma ya magunia ya mchele kwa aibu. Kuku mwaka huo watu walikuwa wanamtazama kwa jicho la pembeni, kwa ajili ya mafua ya ndege. Bibi mmoja aliyejifunika ushungi alimshika kuku, akamnusa, akamrudisha, akanunua mbuzi. Nikaona hapa kuna watu wenye akili. Niliona wakishuka kwenye basi kila mtu anamshukuru dereva, hata wenye sura ya kutaka kupiga. Na kiangazi chao ni mvua. Mvua asubuhi, mvua mchana, na katikati jua linachungulia kama mtu anayedaiwa.

Basi, siku moja ya mvua akatupeleka kwenye bustani ya miti. Ni bustani kubwa, majani yamekatwa kama kichwa cha mwanajeshi, na katikati kuna nyumba za kioo. Ukiingia ya kwanza unakuta joto na maji yanadondoka, na migomba imesimama imenyooka haina hata ndizi, na watu wanaipiga picha. Nikamwambia mjukuu wangu, "Kwetu mgomba usiozaa unakatwa."

"Hapa hapana, Bibi," akasema. "Hapa anapewa jina." Akanionyesha kibao.

Chumba cha mwisho ndicho cha jangwa. Mwanangu alinishika mkono kwa furaha. "Sasa hapa, mama, ndipo napapenda." Kulikuwa kukavu, kuna mchanga na mawe yamepangwa vizuri kuliko sebule yangu. Nikavua sweta, ilikuwa mara ya kwanza nivue sweta tangu nifike nchi ile. Kulikuwa na dungusi za kila namna, nyingine kama mito ya kochi yenye sindano. Kulikuwa na mshubiri. Na nyuma ya kamba, juu ya jiwe, na kibao chake mbele, nikamkuta nani? Mkonge.

Nilisimama. Mkonge wenyewe, majani ya panga, mwiba mweusi nchani. Mzee mmoja wa Kizungu na mkewe walikuwa wameinama wanausoma kama msahafu.

"Umefanya nini huu hata ukafungwa kamba?" nikauliza.

Mkwe wangu akacheka. "Mama, wenyewe waogopa watu wasidungwe."

"Wasidungwe! Mume wangu wangemwekea kamba hii, angekufa na macho mawili."

Nikamvuta mjukuu wangu karibu, nikamwonyesha. "Huu ndio uliomsomesha baba yako. Babu yako alikata huu tangu alfajiri. Ukikaa vibaya unakula jicho."

Mwanangu naye akataka kuchangia, maskini. Alikuwa na furaha, na furaha ndiyo iliyomponza. Akasema, "Kule jangwani tulipotembea kuna mimea inafanana na huu, mama. Siku nzima unatembea kwenye mchanga, huoni kitu, halafu ghafla unakuta kichaka kimoja cha miiba. Unatamani kukikumbatia."

Mkwe wangu akatazama viatu vyake.

"Jangwa gani?" nikauliza.

"Ah, Moroko. Tulikwenda na watu wa chama cha kutembea, wa pale kazini."

"Lini?"

"Zamani, mama. Twendeni tukanywe chai, kuna..."

"Si zamani, Dadi," mjukuu wangu akasema. Alikuwa anahesabu miiba kwa kidole, hata hakugeuka. "Wakati Babu amekufa. Wewe umevaa kofia ya Babu. Katika picha."

Wale wazee wa Kizungu waliona nyuso zetu, wakaondoka taratibu kama watu waliokanyaga chombo cha mtu.

Sikusema kitu mle ndani. Mtu asidhani nilinyamaza kwa hekima. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nataka kumpiga kofi, mwanamume mwenye mtoto, mbele ya mkonge wa baba yake, na mkono ulikuwa mzito. Nikavaa sweta langu. Chai sikunywa.

Nyumbani nikamwambia, "Lete picha." Akaleta. Nikaziona zote, moja moja. Mchanga kama bahari iliyokufa. Watu wa Kizungu wekundu kama kamba wa kuchemsha, na mwanangu katikati yao, anacheka na meno yote, kofia yangu ya mkono kichwani, imeloa jasho.

"Arobaini ya baba yako ilikuwa imeisha?"

Mkwe wangu akasema polepole kutoka jikoni, "Mwambie ukweli mamako."

"Ilikuwa bado," akasema. "Mama, nisikilize. Safari ile ilipangwa mwaka mzima. Ilikuwa ya hisani, ya hospitali ya watoto wagonjwa. Watu walikuwa wameshachanga kwa jina langu. Kazini likizo nilipewa moja tu."

"Kwa hiyo ilikuwepo."

"Ilikuwepo moja."

"Nilikuuliza kwa simu. Ukasema hakuna. Ukaapa."

"Niliogopa, mama." Akakaa chini sakafuni. "Niliogopa kumuona anakufa. Halafu akafa, nikaogopa kuliona kaburi. Kule jangwani nilimuombea kila siku. Kofia yake sikuivua. Nilikuwa natembea naye."

Nikamwangalia. Ni mwanangu, nimemzaa mimi, anafanana na baba yake kila kitu isipokuwa jicho. Nikamwambia, "Ulikuwa unatembea naye. Mimi nilikuwa nimekaa eda chumba cha nyuma, jua naliona kwa ufa, na wewe umevaa kofia yake juani unapigwa picha. Baba yako hakuzikwa Moroko."

Kesho yake sikula. Mkwe wangu akaleta uji, akaleta mkate, akaleta hata wali wa nazi wa kopo. Nikamwambia aondoe.

"Mama, usijinyime kwa hasira. Utaugua."

"Si hasira. Nimefunga."

"Swaumu ya nini? Ramadhani iko mbali."

"Kafara ya kiapo, siku tatu. Niliapa mbele ya watu kwamba mumeo amefungwa na kazi. Nilimwapia Mungu uongo."

"Lakini hukujua, mamangu! Waapa kwa ulichoamini, huna dhambi. Muulize shehe yeyote."

"Shehe hakuapa. Ulimi ulioapa ni wangu, naufunga mwenyewe."

Kufunga Birmingham katika kiangazi si mchezo. Jua lenyewe halionekani, lakini halizami. Saa tatu ya usiku unatazama dirishani, bado kweupe. Saa tatu na nusu bado mbingu imekataa. Mjukuu wangu alikuwa anakwenda kulala na mwanga, ananiambia, "Bibi, bado siku," ananihurumia. Mwanangu alikaa mezani na mimi akiitazama saa ya ukutani. Haikuwa ikisonga. Tende alinitolea kokwa yeye mwenyewe, akaweka sahani mbele yangu. Nilizila, maana tende hazina kosa. Yeye sikumtazama.

Siku ya mwisho ya kafara yangu ilikuwa Jumapili, na kile chama chake cha watembezi kilikuwa kinakwenda mbuga ya Sutton. Akaniomba niende. Nadhani alitaka watu wawe wengi kati yetu. Nikaenda, kwa sababu kukaa nyumbani na njaa ni mbaya kuliko kutembea nayo. Tukapanda treni pale Erdington, vituo vichache tu, na nyumba zikawa zinakuwa kubwa, bustani zikawa na mageti, magari yakawa yanang'aa kwenye mvua.

Mbuga yenyewe ni pori waliloliacha makusudi. Nyasi, matope, madimbwi, vichaka vya miiba vyenye maua ya manjano, farasi wadogo wanajilia majani bila mwenyewe. Na watu wazima, waliokula wakashiba, wamevaa mabuti na makoti ya mvua, wanatembea kwenye matope hawaendi popote. Nimetembea mimi, kuteka maji, kubeba kuni, kumpelekea mume wangu chakula mashambani. Sijawahi kutembea ili nirudi nilipotoka mikono mitupu. Lakini nikawafuata.

Akanijia bibi mmoja wa Kizungu, mkubwa kuliko mimi, ana fimbo mbili kama mwenye miguu minne. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaanza kusema, macho yamejaa machozi. Mkwe wangu akawa anatafsiri, kisha akaacha katikati.

"Asema nini?"

"Asema... ashukuru, Mama."

"Ashukuru nini? Sema yote. Mimi si mtoto."

Mkwe wangu akanisogelea. "Asema kule jangwani aliugua. Alitapika siku mbili, wenzake wakataka kumrudisha. Asema mwanao alimbebea mzigo, akamnywesha maji kwa kijiko, akakaa naye nje ya hema mpaka homa ikashuka. Asema hata watoto wake wa kuzaa hawajamfanyia hivyo. Asema umelea mtu."

Yule bibi alikuwa anatikisa kichwa, anatabasamu, anangoja nifurahi. Hana kosa. Nami ni mwanamke wa kwetu, siwezi kumtupia mgeni uso mbaya. Nikamwambia mkwe wangu, "Mwambie mwanangu ana mikono mizuri. Mwambie baba yake alikufa akitaka maji, akanyweshwa na mtoto wa jirani."

"Mama, siwezi kumwambia hilo."

"Basi mwambie la kwanza."

Akamwambia la kwanza. Yule bibi akanikumbatia.

Kulikuwa na benchi chini ya mti. Nikakaa. Mwanangu akaja. Wenzake walikuwa mbele kidogo wamesimama, wamefungua chupa zao za chai, wanatusubiri. Akapiga magoti kwenye matope, akanishika miguu kwa mikono miwili, kama inavyoombwa kwetu. Viatu vyangu vilikuwa tope tupu, likampaka mikono hadi kwenye mikunjo ya koti.

"Mama. Keshokutwa unaondoka. Nimekosa. Nimekosa kwako, nimekosa kwa baba. Sina la kujitetea. Nipe radhi nikahiji."

Mvua ilikuwa ile yao ya manyunyu, haikulowanishi mara moja, inakuingia kidogo kidogo mpaka mfupani. Nikatazama utosi wake. Nywele zimeanza kumtoka palepale zilipoanza kumtoka baba yake.

Nikasema, "Kaanzie kaburini. Mimi sikupi."

"Mama, likizo yangu yote ni ya hija. Ndege haipiti Tanga. Nikishahiji, mwakani, nitakuja moja kwa moja, nitasoma hitima, nitalijengea kaburi, nitafanya kila..."

"Kwa nani utahiji? Mungu ana likizo yako, baba yako hana?"

"Usiseme hivyo, mama. Unajua kwenda pale bila radhi ya mzazi ni nini. Unajua. Unataka nisimame Arafa mbele ya Mungu na hili shingoni?"

"Nilisimama nalo mimi mbele ya wifi yangu."

Mkwe wangu alikuwa amefika nyuma yake, amemshika mtoto mkono. Naye akaanza kulia. "Mama, tafadhali. Ni neno moja tu. Litamke, hata kama moyo hautaki. Mungu atajua."

"Ndiyo maana silitamki," nikamwambia. "Maana atajua."

Wale watu wa chama walikuwa wamegeuka kututazama. Yule bibi wa fimbo mbili alikuwa ameshika kikombe hewani, hanywi. Walikuwa wanamuona mwanamume mzima, yule aliyewabebea mizigo jangwani, amepiga magoti kwenye matope kwa kikongwe mweusi aliyefunga kanga juu ya koti. Sijui walifikiri nini. Mjukuu wangu akauliza, "Bibi, Dadi ameanguka?"

Mwanangu akainua uso. Mvua na machozi, huwezi kutenganisha. Akasema kwa sauti ndogo, ile ya zamani ya kuomba apakatwe, "Mama yangu. Nakuomba mara ya mwisho. Nipe radhi."

Nikamtoa mikono miguuni pangu, mmoja, kisha wa pili. Nikasimama.

"Kaanzie kaburini. Mimi sikupi."